Kabla ya Kumpa Fundi Dipoziti: Kuagiza Mashine za Kiwanda cha Unga

Vikundi vingi siku hizi vimechoka kuuza mahindi kwa dalali na baadaye kununua unga dukani kwa bei ya juu. Wanachama wanaweka akiba, wanafanya harambee, wengine wanachukua mkopo, halafu wanatafuta fundi awatengenezee mashine za kwao: za kusafisha mahindi, kukoboa, kusaga, kuchekecha na kupakia pakiti. Hiyo si kazi ya kisiagi kimoja cha kijijini. Ni mashine nne au tano zinazofuatana, kila moja ikilisha mwenzake, na zinatengenezwa kwa oda. Hazikai dukani zikingoja mnunuzi.

Jambo la oda ni hili: fundi atatengeneza kile mlichomwambia. Mkimwambia "tunataka mashine nzuri ya unga", atawapa anachojua yeye, kwa kipimo chake. Ikifika nyumbani na isiwafae, hakuna pa kuirudisha, maana hakuna mwingine anayeitaka. Kwa hivyo kazi kubwa ni ile ya kabla ya kwenda kwa fundi, na kazi hiyo ni yenu.

Anzeni na mahindi, si mashine. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 30. Wamekaa wakasema, "Tupakie pakiti 1,000 za kilo mbili kila siku." Ni sawa, lakini tupige hesabu. Pakiti 1,000 ni kilo 2,000 za unga. Tuseme katika kilo 100 za mahindi mnapata kilo 75 za unga mweupe, zilizobaki ni pumba na viini. Basi mtahitaji karibu magunia 30 ya kilo 90 kila siku. Sasa, wanachama 30 wenye ekari mbili kila mmoja, wakivuna magunia 15 kwa ekari, wana magunia 900. Yagawanyeni kwa 30. Mtafanya kazi siku 30, na hapo hamjaacha hata gunia moja la kula nyumbani! Miezi kumi na moja iliyobaki mashine inalala, na mkopo haulali.

Kikundi hichohicho kikiacha magunia 300 ya chakula na kununua magunia 1,200 kwa majirani, kitakuwa na magunia 1,800. Kwa siku 300 za kazi ni magunia sita kwa siku, yaani kilo 540. Mashine zikifanya kazi kamili saa sita kwa siku (muda mwingine ni wa kufagia, kupaka grisi na kungoja stima irudi), ni kilo 90 kwa saa. Mashine za kilo 100 kwa saa zinawatosha. Tofauti ya bei kati ya hizo na za kile kiwanda cha kwanza ni kubwa sana.

Hiyo 75 niliyotaja msiichukue tu. Pimeni yenu. Chukueni gunia moja la mahindi ya kwenu, lipelekeni kwa mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, pimeni yaliyoingia, unga uliotoka na pumba. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu. Mahindi ya sehemu moja ni magumu kama kokoto, ya nyingine ni laini yenye unga mwingi, na matokeo hayafanani. Andikeni hayo yote kwenye daftari la kikundi, mtayahitaji siku ya majaribio.

Kuna kosa lingine ambalo hata wasomi hufanya. Wanauliza, "Hii mashine ya kusagia inatoa kilo ngapi?" Wakiambiwa 500 kwa saa wanafurahi. Lakini mashine zinazofuatana huenda kwa mwendo wa ile ya polepole zaidi, kama mbuzi wakipita mlango mwembamba. Tuseme ya kusafisha inapitisha kilo 600 kwa saa, ya kukoboa 300, ya kusaga 500. Halafu kule mwisho akina mama wawili wanajaza, wanapima na kuziba pakiti 60 kwa saa. Hizo ni kilo 120. Basi kiwanda chenu ni cha kilo 120, hata mkinunua mashine ya kusaga kubwa kama nyumba. Mara nyingi pesa zinazotosha kuongeza meza moja ya kupakia, mizani ya pili na mashine ndogo ya kuziba pakiti kwa moto zinasaidia kuliko kuongeza injini. Mizani nayo iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri na watu wa vipimo wa serikali.

Sasa tuje kwa jambo la uhai. Mwaka 2004, huko Ukambani na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiui. Kusaga ndiko kunaieneza: punje chache mbovu zikiingia kwenye gunia, unga wote unapata. Mnapokula mahindi yenu wenyewe, hatari iko kwa nyumba moja. Mkianza kupakia pakiti, hatari inafika kwa watoto msiowajua. Kiwango kinachokubaliwa hapa kwetu ni sehemu 10 tu katika bilioni. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga, za viwanda vikubwa, kwa sababu ya sumu hii. Kama wakubwa walisimamishwa, kikundi kidogo hakitaonewa huruma.

Kwa hivyo oda yenu iwe na sehemu ya kuingilia iliyo kamili: kipimo cha unyevu (mahindi yasizidi asilimia 13.5), chekeche ya kutoa vumbi na punje zilizovunjika, na meza ya kuchambua kwa mkono yenye mwanga mzuri. Punje zilizovunjika ndizo mara nyingi zenye sumu nyingi. Kukoboa pia kunapunguza sumu, kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini kumbukeni, iliyotoka kwenye unga imebaki kwenye pumba, na pumba mnampa ng'ombe wa maziwa. Mahindi mabovu yakataliwe mlangoni, hata kama ni ya mwenyekiti.

Na tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini, kama vile vitamini A, asidi ya foliki, madini ya chuma na zinki. Virutubishi hivyo ni vichache mno kwa kila kilo, na kuvichanganya kwa mwiko hakuwezi kuwa sawasawa. Inahitajika mashine ndogo ya kudondosha kwa kipimo na nyingine ya kuchanganya. Mkisahau kuitaja kwenye oda, fundi hataacha nafasi yake, na baadaye mtakata vyuma vilivyokwisha kuchomelewa. Mwiteni pia afisa wa afya ya umma aone jengo kabla mashine hazijaagizwa. Akisema ukuta usogezwe, ni rahisi kuusogeza kwenye karatasi.

Stima ni swali la mapema vilevile. Mota kubwa za kusaga zinataka stima ya fezi tatu, na nyumba nyingi vijijini zina fezi moja. Zaidi ya hayo, mota inapowashwa inavuta stima mara tano hadi saba ya ile inayotumia ikiwa inazunguka, ndiyo maana taa za jirani hufifia. Nendeni ofisi ya stima na jumla ya nguvu za mota zote, muulize kama transfoma yenu inaweza, na gharama ya kuvuta laini. Mkipata jibu ndipo mchague kati ya mota na injini ya dizeli.

Halafu andikeni karatasi ya oda. Kurasa mbili zinatosha. Semeni ni mahindi gani, kilo ngapi za unga kwa saa ZILIZOPAKIWA, unga laini kiasi gani (mpelekeeni fundi pakiti ya mfano), ukubwa wa chumba, urefu wa mlango, stima gani. Semeni kwamba sehemu zinazogusa unga zisipakwe rangi na zisitengenezwe kwa mabati chakavu. Kuwe na sumaku kabla ya mashine ya kusaga na nyingine baada, maana nyundo za ndani huliwa polepole na chuma hicho huenda kwenye unga. Mikanda na puli zote zifunikwe kwa wavu wa chuma. Hili msikubali kuambiwa "tutaongeza baadaye". Wengi watakaosimama hapo ni akina mama wenye leso, na mkanda ukishika leso haungoji mtu azime swichi.

Pelekeni karatasi hiyohiyo kwa mafundi watatu, wawape bei kwa maandishi. Nairobi kuna mafundi wengi wa mashine Kariobangi, na KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, inaweza kuwaangalia michoro. Fundi mzuri atawauliza maswali mengi kuliko mtakayomuuliza. Ombeni kuona mashine aliyomtengenezea mtu mwingine miaka miwili iliyopita. Mwenye mashine atawaeleza ukweli, hasa mkimkuta fundi hayupo.

Malipo yagawanywe. Sisi tunashauri asilimia 30 ya dipoziti, 30 mashine zikiwa zimeunganishwa na mmeziona, 30 baada ya majaribio, na 10 ikae benki miezi mitatu baada ya kuanza kazi. Fundi atalalamika kuhusu hiyo 10. Mwongezeeni muda au bei kidogo, lakini msiiachilie. Mkataba utiwe sahihi na viongozi watatu, uandikwe tarehe ya kumaliza na nani analipa usafiri.

Majaribio ni palepale kwa fundi, kabla ya lori. Mashine ikizunguka tupu kila mtu hupiga makofi, lakini hilo si jaribio. Nendeni na magunia yenu matano au sita ya yaleyale mahindi mliyoyapima. Mashine zifanye kazi saa nne bila kupumzika. Pimeni yaliyoingia na unga uliotoka, mlinganishe na daftari. Shikeni karibu na beringi baada ya kuzima, muone kama zinachoma mkono. Fungueni sumaku muone zimekamata nini. Vijana wenu wawili watakaoendesha mashine ndio wabadilishe chekeche na nyundo kwa mikono yao, fundi akitazama tu. Kama kilo hazifiki zile za kwenye mkataba, lori lirudi tupu, na fundi apewe wiki mbili arekebishe.

Siku ya kupokea, msimwachie fundi aondoke kabla hajawapa orodha ya namba za beringi, saizi za mikanda na chekeche, pamoja na seti moja ya nyundo za akiba. Na stima ikiunganishwa, washeni kila mota kwa nukta moja tu kwanza, bila mkanda. Waya mbili za fezi zikibadilishana, mota inazunguka kinyume, na mashine ya kukoboa inaweza kuharibika kabla haijaona punje moja.