Vimeng'enya vya Kilindi na Wanga wa Muhogo

Wanga wa muhogo ni minyororo mirefu ya glukosi iliyofungwa ndani ya chembe ndogo ngumu. Kimeng'enya kinachoikata minyororo hiyo huitwa amilesi, na kimo hata kwenye mate: uji wa muhogo uliopoa, ukikorogwa kwa kijiko kilichotoka mdomoni, hulegea ukawa majimaji. Akina mama wa Msambweni, Kwale, pwani ya Kenya, wanalijua jambo hilo vizuri.

Kiwandani kazi ni nzito zaidi. Wanga haugeuki shira ya glukosi mpaka chembe zake zipasuliwe kwa joto, kwa kawaida nyuzi 105 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo vimeng'enya vingi huganda kama ute wa yai. Amilesi ya bakteria Bacillus licheniformis, inayotumika sana, hustahimili, ila huhitaji kalsiamu, na uchachu wa wanga lazima upunguzwe kwanza. Hatua inayofuata hutaka uchachu uleule wa mwanzo, basi tindikali hurudishwa. Hiyo ni gharama inayoepukika.

Njia ya kuiepuka ilipatikana kwa viumbe wa baharini. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galapagos, nyambizi Alvin ilikuta matundu yanayotoa maji moto kwenye sakafu ya bahari. Mahali kama hapo huishi arkea, viumbe wa seli moja, wakiwemo Thermococcus na Pyrococcus. Pyrococcus furiosus, aliyetoka kwenye mchanga moto wa bahari huko Vulcano, Italia, hustawi kwenye nyuzi 100. Protini zake zimekunjwa kwa kubana sana, na chaji chanya na hasi hushikana mahali pengi, hivyo joto halizifumui. Baadhi ya amilesi za jamii hii hufanya kazi bila kuongezewa kalsiamu, hata kwenye uchachu wa pH 4.5.

Bahari ya Hindi, ileile inayopiga ufuo wa Diani, ina matundu yake. Yale ya Kairei, yaliyogunduliwa na Wajapani mwaka 2000, yako kwenye kina cha mita 2,400 hivi, na maji yake hufikia nyuzi 360. Arkea mmoja wa huko, Methanopyrus kandleri, alizaliana katika maabara kwenye nyuzi 122 chini ya shinikizo kubwa. Yeye hali wanga, lakini anaonyesha uhai unavyoweza kufika mbali.

Kairei iko nje ya mipaka ya nchi yoyote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa bahari kuu, uliopitishwa Juni 2023, unataka faida ya viumbe wa maji hayo igawanywe kwa haki. Kwale inalima muhogo. Basi Kenya idai mapema fungu lake la elimu ya vimeng'enya hivyo.