Mtengeneza Filamu na Maji ya Rufiji

Mtengeneza filamu za hali halisi mwenye shauku ya kutafuta asili ya siasa kali katika mambo ya ghaibu hakosi riziki, kwani huko Ulaya wenzake hawajachoka kutuonyesha Jumuiya ya Thule, iliyoundwa Munich mwaka 1918, na taasisi ya Ahnenerbe ya Himmler, kana kwamba chama cha Hitler kilizaliwa katika ramli na si katika njaa, madeni na kushindwa vitani. Mtu huyo akishuka Rufiji ataelekezwa Ngarambe, alikokaa Kinjikitile Ngwale, ambaye mwaka 1904 alipagawa na pepo Hongo, kisha akawagawia watu maji ya dawa na kuwaahidi kwamba risasi za Mdachi zitageuka maji.

Sinema hupenda mambo kama hayo, walakini kamera isipogeuzwa kuyatazama mashamba ya pamba, ambayo tangu 1902 maakida na majumbe waliwalazimisha watu kuyalima, itakuwa imetudanganya. Pamba ndiyo iliyokuwa hujja ya kuwaasi Wadachi. Lakini Wamatumbi, Wandengereko, Wapogoro na Wangoni, wasiokuwa na sultani mmoja, wangeaminiana vipi bila ya kiapo kisichokuwa mali ya ukoo wowote? Mimi pepo hanishangazi kama anavyonishangaza mratibu aliyekuwa ndani ya mganga yule, kwani wazee waliohojiwa na wanachuo wa Dar es Salaam mwaka 1968 walisimulia kuwa aliwaamuru watu wangoje amri yake. Wamatumbi hawakungoja, mwisho wa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na tarehe 4 Agosti Wadachi wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro.

Kishawishi kikubwa cha mtengeneza filamu huyo ni mwaka 2017, ambapo viongozi wa vijiji na wa chama tawala waliuawa mmoja baada ya mwingine Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na tarehe 13 Aprili askari polisi wanane wakaviziwa na kuuawa. Bonde ni lile lile na mikoko ni ile ile, basi ni rahisi kusema kuwa na pepo ni yule yule. Nasaba hiyo siioni. Maji yaliwakusanya watu peupe, ilhali wauaji wa Kibiti walijificha. Na anayesingizia majini hukwepa kuuliza nani alikufa, nani alichukuliwa, na kwa amri ya nani. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi, alikuwa akiyaandika mauaji hayo hadi alipotoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017, na filamu itakayopita Kibiti ikielekea Ngarambe bila ya kuuliza habari zake, mimi sitaitazama.