Sura ya 5: Adui ni Nani?

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilikuwa havijapoa pale waandishi wa Uingereza walipovigeuza hadithi za vijana. Percy F. Westerman alitoa *Wilmshurst of the Frontier Force* mwaka 1918. Mwaka uliofuata ikatoka *Tom Willoughby's Scouts* kwa jina la Herbert Strang. Zote mbili zinasimulia vita vya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na katika zote shujaa ni kijana wa Kiingereza.

Hadithi ya aina hii huhitaji safari ya hatari, siri ya kulindwa na muda unaoyoyoma. Mji wa Moshi, katika koloni hilo la Wajerumani, ulikuwa na vyote hivyo. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika mjini mwaka 1911, na ng'ambo ya mpaka ilipita reli ya Uganda. Katikati ni nyika kavu. Vikundi vidogo vya jeshi la Wajerumani viliivuka kwa miguu vikiwa na baruti za kulipulia reli ya Waingereza. Katika safari hiyo kibuyu cha maji kilikuwa na thamani sawa na bunduki: aliyekosea kisima hakurudi. Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walishindwa kwenye kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata wakapenya kwenye vilima vya Latema na Reata, wakaingia Moshi.

Sasa mtazame kijana wa miaka kumi na mitano kutoka Old Moshi, mwenye mzigo wa kilo 25 hivi kichwani. Anajua vichochoro vya migombani, mifereji ya maji na mahandaki ambamo wazee walijificha zamani za vita vya koo. Huyo ni shujaa kamili. Lakini wazazi wake wanakumbuka Machi 1900, Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wao. Na Waingereza wanaokuja wanatafuta wapagazi pia. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivi walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Hapo ndipo hadithi inapopata uzito. Wilmshurst wa Westerman anapewa adui wake tangu mwanzo, kilichobaki ni kumshinda tu. Kijana wetu lazima aamue mwenyewe: aongoze kikosi kipi, afiche nani, atue mzigo lini. Msomaji kijana anastahili kuachiwa swali hilo alipime. Mwandishi akimchagulia adui mapema, amemnyima sehemu ngumu kuliko zote ya ushujaa.