Dubu Hufuata Chakula

Safari hii ninayo barua ya mzazi mmoja wa Temeke. Binti yake anasoma Montana, huko Marekani, na wenzake wa chuo wamemwalika kupiga kambi milimani. Mzazi anauliza: "Je, huko si kuna dubu? Mwanangu atarudi salama?"

Swali ni la haki. Sisi tunamjua simba, kiboko na mbogo, lakini dubu tumemwona pichani tu. Dubu wa Afrika, yule wa milima ya Atlas huko kaskazini, alikwisha kutoweka zamani.

Jibu langu ni kwamba atarudi salama, mradi ajue jambo moja: kwa kawaida dubu hamtafuti mtu, hutafuta chakula. Mnyama huyu hulala miezi kadhaa ya baridi bila kula. Kwa hiyo kabla ya baridi kuingia kazi yake ni moja tu, kula na kujiwekea mafuta mwilini. Pua yake ni kali mno. Kwake yeye dawa ya meno, sabuni ya manukato na ganda la ndizi vyote vinanukia chakula.

Wamarekani wenyewe walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Katika hifadhi ya Yellowstone, kwa miaka mingi watalii waliwalisha dubu kando ya barabara, na hata kuketi kwenye majukwaa kuwatazama wakila majalalani. Matokeo yake, kati ya mwaka 1931 na 1969, dubu walijeruhi watu 48 kwa mwaka kwa wastani. Agosti 1967, katika hifadhi ya Glacier iliyoko Montana, wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 waliuawa usiku mmoja, katika kambi mbili tofauti na na dubu wawili tofauti. Dubu wa maeneo hayo walikuwa wamezoea mabaki ya chakula cha binadamu.

Kuanzia mwaka 1970 Yellowstone ilifunga majalala, ikaweka mapipa ambayo dubu hawezi kuyafungua, na ikasimamia kwa ukali marufuku ya kuwalisha. Dubu wengi waliokwisha kuzoea waliuawa. Lakini leo, ingawa hifadhi hiyo hupokea mamilioni ya wageni, wanaojeruhiwa ni wastani wa mtu mmoja hivi kwa mwaka. Dubu ni yule yule. Kilichobadilika ni mwenendo wa watu.

Basi binti huyo afanye nini? Kwanza, asiingize hemani chakula wala kitu chochote chenye harufu. Apike na kuhifadhi chakula umbali wa mita 100 hivi kutoka hema, ndani ya sanduku la chuma lililowekwa kambini, au akining'inize juu mtini mbali na shina. Nguo alizopikia asilalie.

Pili, njiani watembee kwa kundi huku wakizungumza kwa sauti, hasa penye vichaka na kelele za mto. Dubu akisikia watu huondoka mapema. Hatari ni kumshtukiza, zaidi akiwa na watoto. Wakimwona kwa mbali, wakae umbali usiopungua mita 91, kama sheria ya Yellowstone inavyotaka.

Tatu, anunue kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu, na alivae kiunoni, si ndani ya shanta. Dubu akimjia mbio, apulize akiwa bado mita 9 hivi au zaidi kidogo. Asijipake wala asipulizie hema, maana hiyo si dawa ya mbu.

Asikimbie kamwe. Dubu hupita kilomita 50 kwa saa, na mtini hupanda. Arudi nyuma polepole akisema naye kwa sauti ya utulivu.

Ikifika kukamatwa, aangalie ni dubu gani. Rangi isimdanganye, kwani dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia. Grizli ana nundu mabegani na kucha ndefu. Grizli aliyeshtuka akimvamia, binti alale kifudifudi, shanta mgongoni, mikono nyuma ya shingo, miguu ameipanua asigeuzwe, na atulie mpaka mnyama aondoke. Akiwa ni dubu mweusi, apigane, alenge pua na macho. Na dubu wa aina yoyote akiingia hemani usiku, apigane kwa nguvu zote, kwa sababu huyo hakuja kwa kushtuka.

Na sisi tusiopanda ndege tusijione tuko nje ya habari hii. Nani asiyewajua nyani wa kando ya barabara pale Mikumi? Abiria anarusha ndizi dirishani, anacheka, basi linaondoka. Nyani anabaki na somo kwamba binadamu ni chakula. Kesho atampokonya mtoto mkate, na keshokutwa askari wa hifadhi watalazimika kumpiga risasi. Aliyerusha ndizi atakuwa amekwisha fika Iringa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.