Safari ya Fungu la Sukuma Wiki

Kabla ya adhana ya alfajiri, mama mboga wa Kawangware yumo ndani ya matatu akielekea Marikiti, soko la Wakulima katikati ya Nairobi. Huko huukuta mzigo umekwisha kupita kwa dalali aliyeununua shambani kwa bei aitakayo, kisha kwa mwenye gari, kisha kwa mchukuzi. Kila mkono umekata chake. Mkulima amebaki na kidogo, na mama huyu ndiye atakayebeba hasara ya kila jani litakalonyauka jioni. Wala hajui lilinyunyiziwa dawa gani, au lilimwagiliwa maji gani.

Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuilaki misafara ya wauzaji njiani, kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Dalali wa leo angekuwa na la kujibu.

Kibera, ambako Wanubi, Waislamu wenzetu, wamelima tangu mwanzo wa karne iliyopita, walifunzwa na shida. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa na chakula kikaadimika. Mwaka huo shirika la Kifaransa, Solidarités, lilieneza kilimo cha magunia: gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya mawe ya kupitisha maji, na miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Mama huchuma mlangoni pake. Kinachozidi huuzia jirani. Kikundi cha vijana nacho kiligeuza jaa la taka kando ya reli kuwa shamba lisilotumia kemikali. (Udongo wa jaa, hata hivyo, haufai kulimwa bila kupimwa.)

Lakini gunia halilishi mtaa mzima. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina alama ya Kilimohai kwa mazao yasiyotiwa kemikali, nasi twaiona zaidi katika maduka ya wenye nafasi, kwa kuwa ukaguzi wa kampuni haumudiwi na mwenye nusu ekari. Ipo njia nyingine inayokubaliwa: wakulima wa kikundi kimoja kukaguana wenyewe, wanunuzi wakishuhudia.

Hapo ndipo chama cha akina mama wa Kawangware kingeingia, kikanunua moja kwa moja kwa kikundi cha Kiambu na kukodi gari moja. Na mboga zikiharibika njiani? Hasara wagawane pande zote mbili, na sharti hilo liandikwe kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.