Kome, Maji ya Mto na Dawa Zinazoshindwa Kuponya

Siku moja tulikuwa katika darasa la kisomo upande wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Somo lilikuwa maji safi na choo. Mama mmoja, ambaye huokota kome maji yakipwa, akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, nimesikia eti kome siku hizi wana vijidudu ambavyo havifi hata ukimeza dawa. Sasa tuache kula kome?"

Darasa likacheka. Halafu likanyamaza, maana swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kome ni kitoweo cha nyumba nyingi. Kome ni fedha ya chumvi, ya mafuta ya taa na ya daftari la mtoto. Siku ile tulijibu kwa kifupi tu, kwa sababu jua lilikuwa linazama. Leo tunataka kulijibu swali lile vizuri.

Kwanza tumtazame kome mwenyewe. Kome ni mnyama mdogo mwenye magamba mawili yanayofungana kama kitabu. Wako kome wa maji baridi, wanaojizika katika mchanga na tope la mto au la bwawa. Wako pia jamaa zao wa maji ya chumvi, kama chaza wanaoshika kwenye mizizi ya mikoko. Wote wanakula kwa njia moja. Huvuta maji ndani, huchuja chakula kilichomo, kisha huyatoa maji nje.

Akina mama mnakijua kifumbu cha kukamulia tui. Tui hupita, machicha hubaki. Basi kome ni kifumbu kinachofanya kazi mchana na usiku. Kome mmoja mkubwa wa mtoni anaweza kuchuja lita 10, 20, hata 40 kwa siku. Yaani ndoo nzima ya maji, au ndoo mbili, hupita katika mwili unaoenea kiganjani!

Sasa machicha ya kome ni nini? Ni vimea vidogo sana vya majini, ambavyo ndivyo chakula chake. Lakini pia ni kila kitu kidogo kilichomo katika maji yale. Kama kuna kinyesi cha mtu au cha ng'ombe, vijidudu vya kinyesi vitanaswa humo. Ndiyo maana wataalamu wa nchi nyingi, wakitaka kujua mto una uchafu gani, hawachoti maji peke yake. Humchukua kome wakampima. Maji ya jana yamekwisha kwenda baharini, lakini kome ameweka akiba ya uchafu wake. Na katika kome wa mito na bahari za nchi mbalimbali, wataalamu hao wamekuta vijidudu ambavyo dawa za hospitali haziviui. Kwa hiyo yule mama alisikia jambo la kweli.

Vijidudu hivyo huitwa bakteria. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Si bakteria wote wabaya. Wengine wanakaa tumboni mwetu na kutusaidia. Lakini wengine huleta kuhara damu, homa ya matumbo, nimonia, vidonda vinavyotunga usaha, na kipindupindu. Nao huzaana upesi ajabu. Baadhi yao, wakipata chakula na joto, huongezeka mara mbili kila dakika 20. Bakteria 1 akianza saa moja jioni, ikifika saa nane usiku wamekwisha kuwa zaidi ya milioni 2.

Zipo dawa za kuwaua. Dawa ya penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Baadaye zikaja tetrasaiklini, ampisilini na nyingine nyingi. Hapa kwetu watu wengi huziita "rangi mbili", kwa sababu baadhi ya vidonge vyake vina rangi moja huku na nyingine kule. Fleming mwenyewe alionya mwaka 1945 kwamba mtu akitumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa, atawafundisha bakteria kuizoea. Wengi hawakumsikia, na sisi tumo.

Bakteria wanaizoeaje dawa? Tuchukue shamba la mpunga lenye ndago. Ukipalilia juu juu ukaenda zako, ndago dhaifu hufa. Ile yenye kiazi chini hubaki. Wiki chache baadaye shamba lote ni ndago, tena ile sugu tu. Ndivyo ilivyo mwilini. Mgonjwa ameambiwa ameze dawa siku 5. Siku ya pili amepata nafuu, akaacha. Bakteria dhaifu wamekufa, wenye nguvu wamebaki, na sasa wana nafasi ya kuzaa.

Tena kuna jambo moja ambalo ndago haiwezi. Bakteria anaweza kumpa mwenzake ule uwezo wa kushinda dawa, kama mtu anavyomgawia jirani mbegu. Na anaweza kumpa hata bakteria wa kabila lingine. Yule asiyeleta ugonjwa anampa yule anayeleta ugonjwa. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo kome anapoingia. Ndani ya kome bakteria wa mtu, wa ng'ombe na wa majini wanakutana mahali padogo. Ni kama gulio. Kila mmoja amekuja na mzigo wake.

Mambo haya si ya Ulaya tu. Yalikwisha tokea hapa Tanzania, na wazee wanakumbuka. Mwezi Oktoba 1977 ulianza mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Wakati ule dawa kubwa ilikuwa tetrasaiklini. Mwanzoni, kila bakteria wa kipindupindu aliyepimwa alikufa kwa dawa hiyo. Basi ikatumika kwa wingi sana. Walipewa wagonjwa, na walipewa pia watu ambao hawakuugua, ili kuwakinga. Nia ilikuwa njema. Watu walikuwa wanakufa, na hakuna aliyetaka kungoja.

Baada ya miezi 5 hali ikawa nyingine. Kati ya kila bakteria 100 waliopimwa, 76 hawakufa tena kwa tetrasaiklini. Daktari Fred Mhalu na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 1979 katika jarida la madaktari la Uingereza liitwalo The Lancet. Miezi 5, ndugu zetu! Ni muda wa kupanda mpunga na kuuvuna. Ikaonekana pia kwamba uwezo ule wa kushinda dawa ulikuwa unapita kutoka bakteria huyu kwenda kwa huyu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri kijiji kizima kipewe dawa ya namna hiyo kwa ajili ya kinga.

Na bakteria wa kipindupindu ni mwenyeji wa maji kama ya delta. Anapenda mahali ambapo maji ya mto yanachanganyika na ya bahari, na hushikamana na viumbe vidogo vya majini na wanyama wa magamba. Kwa hiyo habari ya mwaka 1977 na swali la yule mama ni habari moja.

Sasa, bakteria sugu hufikaje mtoni? Hufika kwa kinyesi. Mtu akimeza dawa, sehemu yake hutoka nzima katika mkojo na choo, pamoja na bakteria walioizoea. Katika delta ardhi ni tope na maji yako karibu. Shimo la choo hujaa maji kabla halijawa refu. Mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, vilivyomo chooni vyote huelea. Wazee wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, jinsi watu walivyochimba vyoo huku wakisikiliza redio. Kazi ile haijaisha, na mahali penye maji ya juu inataka choo kilichoinuliwa, si shimo tu. Bwana afya wa kata aulizwe.

Mifugo nayo imo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usangu. Hatusemi hivyo ili kugombanisha mkulima na mfugaji, magomvi hayo yanatosha. Tunasema tu kwamba ng'ombe huchomwa dawa zilezile za jamii ya tetrasaiklini, na mara nyingi anayechoma ni mwenye ng'ombe mwenyewe, kwa kukisia. Kuku nao hutiliwa dawa katika maji ya kunywa hata wakiwa wazima. Samadi yote hiyo mvua huipeleka mtoni. Isitoshe, maji ya Rufiji yanatoka mbali, Mbeya, Iringa na bonde la Kilombero. Sisi tuko mwisho wa mfereji.

Haya, tuache kula kome? Hapana. Bakteria aliyeizoea dawa hajauzoea moto. Maji yanayochemka humuua kama anavyokufa mwingine yeyote. Kosa ni kumwepua kome mara tu magamba yanapofunguka. Kufunguka si kuiva. Yakisha kufunguka, acha yaendelee kuchemka dakika 5 nyingine. Kome aliyekataa kufunguka mtupe. Kabla ya kupika pia, mwenye magamba wazi ambaye hafungi ukimgusa, mtupe, huyo amekwisha kufa. Ndimu na pilipili ni kwa ladha tu, hazitoshi kuua bakteria. Anayekula chaza mbichi kwa ndimu anajidanganya.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mikono na kisu. Mama amebandua kome wabichi, amefuta mikono kwenye khanga, kisha amekata kachumbari kwa kisu kilekile. Kome wameiva vizuri kabisa, lakini bakteria wamepanda kwenye nyanya. Osha mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao. Maji yaliyooshea kome yasimwagwe karibu na mtungi wa kunywa.

Halafu twende dukani. Mtoto anaharisha, baba anakwenda duka la dawa muhimu na kusema, "Nipe rangi mbili za mia tano." Jamani, kuharisha kwa watoto mara nyingi hakutaki dawa hiyo kabisa. Kunataka maji yarudi mwilini. Mpe ORS na vidonge vya zinki. Kama ORS haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mnyweshe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya. Lakini akiharisha damu, akiwa na homa kali, macho yakididimia, au choo kikiwa kama maji yaliyooshea mchele, usingoje. Mpeleke zahanati. Akiandikiwa dawa ya bakteria huko, aimalize kama alivyoambiwa, hata kama siku ya pili anacheza mpira.

Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowaambukiza hawakufa kwa dawa. Baadhi yao walikuwa watoto wa nchi kama yetu.

Darasa lilipoisha siku ile, yule mama alibaki nyuma. Akafungua pindo la khanga yake, akatuonyesha vidonge vinne vya rangi mbili. Vilibaki mumewe alipopona kikohozi, akavitunza ili siku nyingine amsaidie jirani. Aliuliza avitupe mtoni au chooni. Tulimwambia asivitupe kokote, wala asimpe mtu. Avipeleke zahanati, wanajua pa kuviharibia. Alivifunga tena, akasema atapita kesho akienda kuuza kome.