Kompyuta za kwantamu: kasoro zisizoonekana zinasakwaje?

Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa Mpanda. Wengi hawajui kwamba risasi hiyo, ikipoozwa hadi nyuzijoto 266 chini ya sifuri, hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe.

Tabia hiyo ndiyo inayotumika kwenye kompyuta nyingi za kwantamu, ila siyo kwa risasi. Zenyewe hutumia zaidi alumini na niobiamu, na niobiamu Tanzania inayo pia, pale Panda Hill. Saketi ndogo inayotunza taarifa inaitwa kyubiti.

Shida ni moja: kyubiti husahau haraka mno. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitumia tantalamu badala ya niobiamu na kufikisha milisekunde 0.3. Ilikuwa hatua kubwa, japo muda huo hautoshi hata kupepesa jicho.

Kinachoiba taarifa ni nini?

Metali ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba, mfano wa kutu. Ndani ya utando huo kuna atomu ambazo hazijatulia, zinarukaruka kati ya sehemu mbili. Hizo ndizo zinazonyonya nishati ya kyubiti.

Zinakamatwaje?

Mtego ni kyubiti yenyewe. Watafiti hubadilisha masafa yake kidogo kidogo huku wakipima inadumu muda gani. Muda ukishuka ghafla kwenye masafa fulani, hapo kuna kasoro.

Lakini iko wapi? Mwaka 2019 watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, walionyesha njia ya kujua. Waliikunja chipu kidogo sana, kisha wakaiwekea uga wa umeme kutoka nje. Kasoro ya juu ya metali huitikia vyote viwili. Iliyojificha ndani ya kiungo cha kyubiti huitikia mkunjo tu, kwa sababu metali inayoizunguka huzuia umeme wa nje.

Jibu hilo linaokoa kazi ya kubahatisha. Kama kasoro iko juu, dawa ni kusafisha uso au kubadili metali. Kama iko ndani, kiungo chenyewe ndicho kitengenezwe upya.

Kwa hiyo kuwa na madini ni mwanzo tu. Kwenye kompyuta hizi, utando mwembamba kuliko unywele mara maelfu unatosha kuharibu hesabu nzima.